Chura kaenda kuposa: kukiimba kisa cha kale cha kuchekesha kwa mtindo wa blugrasi

Swali la msomaji, mzaliwa wa Lubumbashi anayeishi Lexington, Kentucky: "Jirani yangu mzee hupiga banjo kibarazani kwake kila Jumamosi. Alinifundisha wimbo wa chura aliyepanda farasi kwenda kuposa panya, nikacheka mpaka machozi. Mimi hupiga gitaa, na nimeutafsiri ili niuimbe kwa Kiswahili kwenye sherehe ya ukoo mwezi ujao. Lakini nikiwaimbia wa nyumbani, hawacheki. Nakosea wapi? Na nikiurekodi nikauweka mtandaoni, nitakuwa nimeiba mali ya mtu? Tena mpwa wangu ananiambia huo si muziki wetu, ni wa wazungu wa milimani. Nimjibu nini?"

Ndugu yangu, swali lako la kwanza ndilo litakalochukua nafasi kubwa hapa, maana hapo ndipo wengi wanaoupenda wimbo huu hukwama. Ila kwanza tukubaliane tunazungumzia wimbo gani, kwa faida ya wasomaji ambao hawakukaa na mzee wako kibarazani.

Wamarekani huuita "Froggie Went A-Courtin'". Chura anajifunga upanga na bastola, anapanda farasi, anakwenda kwa Bi Panya kuomba uchumba. Bi Panya anamwambia kwamba bila idhini ya mjomba wake, Panya Buku, hawezi kuolewa hata na rais. Mjomba anarudi nyumbani, anapewa habari, anacheka mpaka mbavu zinamtikisika kwa kufikiri kwamba mpwa wake atakuwa bibi harusi. Karamu inaandaliwa ndani ya mti wenye uwazi. Wageni wanaingia mmoja mmoja, nondo, nyuki, mende, kila mmoja na kioja chake. Mwishoni anatokea bata, au nyoka, kutegemea nani anaimba, na bwana harusi anamezwa. Ubeti wa kufungia unasema mkate upo kwenye rafu, na anayetaka zaidi aimbe mwenyewe.

Wengi wetu tuliukuta wimbo huu utotoni bila kujua. Iko katuni ya Tom na Jerry ya mwaka 1955 ambamo mjomba wa Jerry, mpiga gitaa mwenye kigugumizi, anakuja kulala kwa mpwa wake, na kila uzi wa gitaa unapokatika anang'oa sharubu la Tom na kulifunga mahali pake. Wimbo anaouimba kwa kigugumizi ni huu huu wa chura. Waonyeshe watoto wa ukoo wako katuni hiyo siku moja kabla ya sherehe, utakuwa umekwisha kupata waitikiaji.

Umri wake ni mkubwa kuliko watu wanavyodhani. Unatajwa katika kitabu cha Uskoti cha katikati ya karne ya 16, miongoni mwa nyimbo za wachungaji. Mwaka 1580 wachapishaji wa London waliandikisha wimbo kuhusu ndoa ya ajabu ya chura na panya. Mwaka 1611 Thomas Ravenscroft akachapisha maneno pamoja na tuni yake. Utakutana na watu watakaokuambia kwamba ulitungwa kumdhihaki Malkia Elizabeth wa Kwanza, kwa sababu alimpachika jina la "chura" mwanamfalme wa Ufaransa, Francis wa Anjou, aliyekuja kumposa mwaka 1579. Jina hilo la utani ni kweli alimpa. Lakini wimbo ulikwisha kutajwa Uskoti kabla Elizabeth hajakalia kiti cha enzi mwaka 1558. Huenda watu wa London waliufufua kwa sababu ya posa ile. Kuutunga hawakuutunga wao. Hili nalisema kwa sababu ukiamini ni kejeli ya siasa utauimba kama fumbo, na utaupoteza. Ni kisa cha wanyama, kama vile vya Sungura na Fisi. Uimbe hivyo.

Wahamiaji kutoka Uskoti, Uingereza na Ireland ya kaskazini waliuvusha bahari pamoja na mamia ya nyimbo nyingine, zikatulia katika mabonde ya milima ya Appalachia, mashariki mwa Marekani. Huko mwanamke mmoja, Olive Dame Campbell, alianza kuziandika, kisha Mwingereza Cecil Sharp na msaidizi wake Maud Karpeles wakapita mabonde hayo kati ya mwaka 1916 na 1918 na kuandika tuni zaidi ya 1,600 kutoka vinywani mwa watu wa kawaida. Zama hizo wimbo wa kisa uliimbwa mara nyingi bila ala yoyote. Mtu alikaa kitini, akaimba, basi.

Blugrasi yenyewe, yaani muziki wa Kimarekani wa banjo, fidla, mandolini na gitaa, ilikuja baadaye sana. Jina limetokana na bendi ya Bill Monroe, aliyezaliwa mwaka 1911 Rosine, huko huko Kentucky ulipo wewe. Aliiita Blue Grass Boys kwa heshima ya nyasi ambazo jimbo lenu linajulikana kwazo. Bendi ilianza mwishoni mwa miaka ya 1930, lakini sauti tunayoijua leo ilikamilika Desemba 1945 alipoingia kijana wa miaka 21, Earl Scruggs, na mtindo wake wa kupiga banjo kwa vidole vitatu. Kwa hiyo unachokishika mkononi ni wimbo wa zaidi ya miaka 400 uliovalishwa nguo ya miaka 80 hivi. Ugumu wako wote unatoka kwenye kutolingana huko, na nitaeleza.

Blugrasi ni muziki wa mashindano ya ufundi. Kila mpiga ala anangoja zamu yake asogee mbele ya maikrofoni aonyeshe alichonacho. Banjo ya Scruggs haipumziki: dole gumba, kidole cha shahada na cha kati vinazunguka, noti zinamiminika kama mtama kutoka guniani. Ni raha kubwa kuisikia. Lakini wimbo wa kisa una bosi mmoja tu, naye ni neno. Msikilizaji akikosa neno moja, "mjomba" kwa mfano, hajui tena kwa nini panya anakataa, na kila kichekesho kinachofuata kinampita pembeni.

Hili nimelishuhudia. Miaka iliyopita tuliuimba wimbo huu mbele ya watoto wa shule, mimi nikiwa kwenye gitaa, na mwenzetu mwenye banjo alikuwa hodari kuliko sisi sote. Alipiga kuanzia mwanzo hadi mwisho bila kushusha mkono. Watoto walishangilia sana. Baadaye niliwauliza, je, chura alioa? Hakuna aliyejua. Walikuwa wameisikiliza banjo dakika tano nzima, na habari ya posa haikuwafikia. Tangu siku hiyo nina sharti moja ninalomwambia kila ninayepiga naye: mwimbaji akifungua kinywa, banjo inakwenda nyuma ya nyumba. Inaweza kuendelea kupiga, ila kwa nyuzi za chini, kwa upole, kama mtu anayesikiliza umbea akiwa anamenya viazi.

Wapigaji wazuri wa blugrasi wanalijua hili vizuri. Sikiliza mandolini, ile ala ndogo ya nyuzi: mwimbaji anapoimba, haipigi tuni, inakata tu kodi (noti kadhaa zinazopigwa pamoja) fupi kavu kwenye pigo la pili na la nne, cha! cha!, kazi ambayo ngoma ingeifanya. Besi inashika la kwanza na la tatu. Gitaa linajaza katikati. Fidla inanyamaza au inavuta noti moja ndefu. Kisha beti tatu au nne zikiisha, ndipo ala moja inapewa nafasi ya kukimbia mzunguko mmoja wa tuni. Zamu hiyo ina kazi ya pili ambayo wengi hawaifikirii: inawapa wasikilizaji muda wa kumaliza kucheka. Ukiimba ubeti wa mjomba halafu ukadandia ule wa karamu papo hapo, kicheko cha kwanza kinaufunika ubeti wa pili. Basi weka zamu ya banjo mara tu baada ya mjomba kucheka, na nyingine kabla ya wageni kuanza kuingia. Mbili zinatosha. Ya tatu usiruhusu hata wakikubembeleza.

Na mwendo? Watu huamini blugrasi lazima iende mbio. Kipimo changu ni hiki: sema ubeti mzima kwa mdomo, bila gitaa, kama mtu anayesimulia harusi aliyohudhuria jana. Huo mwendo wa ulimi wako ndio mwendo wa wimbo. Kwa Kiswahili utakuta ni wa chini kidogo kuliko wa mzee wako, kwa sababu sisi tuna silabi nyingi zaidi. Usione haya kwa hilo.

Hapo tumefika kwenye tafsiri yako, ambako nadhani ndiko kosa kubwa lilipo, ingawa hukunitumia maneno yenyewe. Mstari wa Kiingereza wa wimbo huu unaishia kwenye silabi yenye mkazo, neno fupi linalotua kwa kishindo juu ya pigo. Kiswahili hakitui hivyo. Mkazo wetu uko kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, kisha neno linashuka taratibu: ku-PO-sa, ka-RA-mu. Ukilazimisha silabi ya mwisho ikae juu ya pigo, utaimba "kupoSA", na bibi aliyekaa mbele hatasikia posa, atasikia lugha ya kigeni. Dawa yake ni kuipasua noti ya mwisho iwe mbili: PO juu ya pigo, sa inaangukia nyuma yake. Jaribu sasa hivi hapo ulipo na utaona tuni haidhuriki hata kidogo.

Pili, katika aina ya wimbo inayoimbwa sana huko kwenu, kila mstari unafuatwa na mlio wa kukubali, "ah-ha". Wafasiri wengi huuacha au huuandika vile vile. Kumbe hiyo ndiyo zawadi kubwa tuliyopewa! Ni ile "ehe!" ambayo kwetu kila msikilizaji wa hadithi anadaiwa. Msimulizi wa Kiswahili haendi mbele mpaka asikie ehe. Mpe ukoo wako hiyo kazi. Kabla ya kuanza, bila hotuba, piga kodi ya G mara nne, sema "Paukwa!", na watakaokujibu "Pakawa!" watakuwa wamekwisha kuingia ndani ya wimbo. Kama kwenu mnafungua hadithi kwa namna nyingine, tumia hiyo. Kisha waambie neno lao ni moja tu: ehe.

Tatu, usitafsiri maneno, tafsiri posa. Kichekesho kwa Mmarekani ni kwamba chura anajivika silaha za mwungwana wa zamani. Kwetu kichekesho kikubwa zaidi ni kwamba amekuja peke yake, bila mshenga, bila mzee, na anabisha hodi kwa binti moja kwa moja. Na jibu la panya, ambalo kwa msikilizaji wa Lexington ni utani mdogo tu, kwetu ni jambo zito: mjomba ana sauti. Katika jamii nyingi za huko kwetu na kwenu, mahari haisogei kama mjomba hajakohoa. Kwa hiyo mahali hapo wimbo wetu una nguvu kuliko wa Kiingereza. Kaa hapo. Ongeza hata ubeti mmoja wa mjomba akiuliza ng'ombe wangapi.

Nakupa nilivyoufanya mimi, uutumie upendavyo. Kila mstari una mizani 8, halafu ehe:

Chura kaenda kuposa, ehe!
Upanga hakuukosa, ehe!

Kabisha hodi kwa Panya, ehe!
"Sijaja kukudanganya," ehe!

"Mjomba akikataa, ehe!
Hata rais nakataa," ehe!

Mstari wa kwanza wa kila ubeti unaimbwa mara tatu, kama mzee alivyokufundisha, kisha wa pili unashuka mara moja. Marudio hayo yana kazi. Mara ya kwanza watu wanasikia habari, ya pili wanaitikia, ya tatu wanaanza kukisia mstari unaokuja. Wanaokisia vibaya ndio wanaocheka sana.

Sasa uso wako. Waimbaji wa zamani wa milimani waliimba visa hivi bila kubadilisha sura, cha mauaji na cha chura kwa uso ule ule. Bibi zetu waliosimulia gizani walikuwa hivyo hivyo. Walituambia Fisi amekatika mkia kwa sauti ya mtu anayetaja bei ya chumvi. Mwimbaji anayejichekea anawanyang'anya wasikilizaji kazi yao. Naogopa wewe, kwa kuwa wimbo ulikufurahisha mno kibarazani, unauimba nyumbani huku unatabasamu na kuwatazama kama wanacheka. Acha. Mtazame chura. Mwonee huruma, amevaa vizuri na ana nia njema. Ukiamini kwa dhati kwamba posa hii inaweza kufanikiwa, watacheka wenyewe.

Na usiogope mwisho wake. Wazazi wengi wa siku hizi hukata ubeti wa kumezwa ili watoto wasisikitike, chura na panya wakaishi raha mustarehe. Mimi nakataa kabisa. Kisa hiki kimeishi karne nne kwa sababu kinaishia vile. Watoto wanaopenda Fisi akiungua kwa tamaa yake hawavunjwi moyo na bata. Mimi nimeufunga hivi:

Bata kaja kwa karamu, ehe!
Chura kamwona mtamu, ehe!

Mkate u kabatini, ehe!
Yaliyobaki imbeni, ehe!

Kwenye mstari wa bata, nyamazisha ala zote. Sauti yako peke yake, kisha pigo moja la kimya baada ya "mtamu", ndipo ehe. Utaona.

Ubeti wa mkate nao usiuache kwa kudhani ni upuuzi. Ni kifungio cha hadithi, ndugu wa kile cha pwani kinachosema hadithi ikiwa nzuri ni yetu sote na ikiwa mbaya ni ya msimulizi peke yake. Vyote viwili hufunga kwa kuwarudishia wasikilizaji kisa mikononi.

Upande wa gitaa, una bahati ambayo huenda hukuiona. Kodi unazohitaji ni tatu, G, C na D. Wenzako wa blugrasi watakupa kipande cha plastiki cha kupigia na kukuambia upige kama Lester Flatt au Doc Watson, yule mpigaji kipofu wa North Carolina ambaye naye aliurekodi wimbo huu. Ukiweza, vizuri. Lakini wewe ni mtu wa Katanga. Mwaka 1952 Hugh Tracey, mkusanyaji wa muziki wa Afrika, alimrekodi Jean-Bosco Mwenda huko Jadotville, ambayo leo ni Likasi, mwendo mfupi tu kutoka Lubumbashi, na ulimwengu wa gitaa ukasimama kusikiliza alichofanya kwa dole gumba na kidole cha shahada. Dole gumba linatembea na besi, shahada inaimba juu. Milima ya Appalachia nayo ina mtindo wake wa kale wa vidole viwili, wa kabla ya Scruggs, gumba na shahada vile vile. Kama baba au mjomba wako alikuachia mkono wa Katanga, usiufiche mbele ya banjo. Mwombe mzee apige taratibu, wewe uweke gumba lako chini yake. Nimejaribu mwenyewe, na sikuhitaji kubadilisha hata noti moja ya tuni.

Kuhusu haki. Wimbo wenyewe, maneno na tuni ya asili, ni mali ya umma. Hakuna mtu wa kumlipa kwa kitu kilichochapishwa mwaka 1611. Chenye mwenyewe ni rekodi fulani na mpangilio fulani. Kwa sheria ya Marekani iliyopitishwa mwaka 2018, rekodi zilizotolewa kati ya 1923 na 1946 zinalindwa kwa miaka 100. Mfano, Chubby Parker aliurekodi wimbo huu mwaka 1928 akiwa na banjo, na rekodi hiyo iliingizwa mwaka 1952 katika mkusanyo maarufu wa nyimbo za kale uliotolewa na kampuni ya rekodi ya Folkways. Kuitumia rekodi hiyo yenyewe kama sauti ya video yako hakuko huru mpaka Januari 2029. Kuuimba wimbo kwa koo lako, leo hii, ni ruhusa. Beti zako za Kiswahili ni zako tangu dakika ulipoziandika au kuzirekodi. Mitambo ya mtandaoni wakati mwingine hukosea ikadhani umetumia rekodi ya mtu. Ikitokea, pinga, eleza kwamba ni wimbo wa jadi ulioimba mwenyewe.

Kuna deni moja tu ambalo sheria hailitaji, la jirani yako. Mwombe ruhusa, na mwanzoni mwa video sema umeupata kwake. Waimbaji wa milimani huweka heshima kubwa kwenye swali la nani alikufundisha. Akikubali, mwache apige yeye.

Sasa mpwa wako. Mwambie ana haki ya kuuliza, kisha mwombe aitazame banjo. Chombo hicho hakikutoka Uskoti. Kilitengenezwa na Waafrika waliotiwa utumwani, kwanza visiwa vya Karibi na kisha bara la Amerika, kwa kumbukumbu ya ala walizoziacha nyumbani: kibuyu kilichowambwa ngozi, kijiti cha shingo, nyuzi, na uzi mmoja mfupi unaopigwa kwa dole gumba. Wajola wa Senegal na Gambia bado wanapiga ala ya namna hiyo iitwayo akonting, na ukiuona mkono wao ukishuka juu ya nyuzi utadhani umemwona mpiga banjo wa zamani wa Virginia. Wazungu waliichukua kwa wingi kuanzia miaka ya 1830 na 1840. Na Bill Monroe mwenyewe hakuficha kwamba miongoni mwa walimu wake alikuwepo Arnold Shultz, mpiga gitaa na fidla Mweusi wa eneo lile lile la Kentucky, aliyefariki mwaka 1931 bila kuacha rekodi hata moja. Mwaka 2005 vijana Weusi waliokutana kwenye kongamano la banjo huko Boone, North Carolina, waliunda bendi ya Carolina Chocolate Drops, wakaketi miguuni pa mzee Joe Thompson, mpiga fidla wa Mebane, na mwaka 2011 wakapata tuzo ya Grammy.

Lakini usimwambie mpwa wako kwamba wimbo wa chura ni wa Afrika. Si kweli. Kisa na tuni ni vya Waskoti na Waingereza, nao wanastahili kutajwa kwa heshima. Cha kwetu ni banjo, mwitikio, na sasa maneno.

Jambo moja la tahadhari hapo hapo. Si kila wimbo wa zamani wa kuchekesha wenye banjo unafaa kusambazwa. Katika karne ya 19 Marekani ilijaa maonyesho ambamo wazungu walijipaka masizi usoni wakawaigiza watu Weusi ili wachekwe, na nyimbo nyingi za mzaha zilipitia majukwaa hayo. Hata wimbo wetu una aina yenye kiitikio cha maneno yasiyo na maana, kama kile cha Chubby Parker, kinachofanana na viitikio vya majukwaa yale. Ndiyo maana nimekuelekeza kwenye ile ya "ehe", ambayo haina doa hilo. Ukiokota wimbo mwingine kwa mzee, muulize ulipitia wapi kabla ya kuuimba mbele ya watoto.

Kuhusu mazoezi, una wiki nne. Wiki mbili za kwanza usiguse gitaa. Simulia kisa kwa mdomo tu, jikoni, kwenye gari, kwa mtoto mmoja kila jioni, mpaka ujue watu wanacheka wapi. Wiki ya tatu weka tuni. Ya nne mkaribishe mzee na banjo yake, umkumbushe kwa adabu kupungua unapoimba. Akiwa ni mpigaji wa kweli atakuwa amekwisha kufanya hivyo kabla hujamaliza sentensi.

Na siku yenyewe, kwenye sehemu ya wageni wa karamu, usiimbe beti zote ulizoandika. Imba mbili, nyuki na mende, kisha endelea kupiga G bila kuimba na umtazame shangazi mmoja mwenye maneno. Wimbo huu umepokea wageni wapya kila ulipofika, ndiyo maana hakuna waimbaji wawili wenye orodha moja. Shangazi atamleta mgeni wake, labda kenge, labda jirani wa mtaa wa Kenya kule Lubumbashi ambaye kila mtu chumbani anamfahamu. Mstari wake usipolingana na mizani usimsahihishe. Itikia ehe, shusha D, mpe mwingine nafasi, na bata asiingie mpaka wameishiwa.